Reale ya Maria Theresia: Kutambua Fedha ya Kweli na Fedha ya Uongo



Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Metali nyeupe inayochimbwa ardhini twaiita fedha. Na kile tunachonunulia chumvi na nguo twakiita fedha vilevile, ijapokuwa siku hizi ni karatasi tu. Wala si sisi peke yetu. Wafaransa wana neno moja kwa vyote viwili, na Wahabeshi huita pesa yao birr, neno ambalo maana yake ya kwanza ni metali hiyohiyo nyeupe. Sababu yajulikana. Hapo zamani thamani ya sarafu ilikuwa ndani ya sarafu yenyewe. Mwenye kuipokea hakupokea ahadi ya serikali, bali alipokea metali yenye uzito wake. Ndiyo maana waongo nao walipata kazi: mtu aliyeweza kufanya risasi ing'ae kama fedha aliiba bila kuvunja mlango.

Leo twataka kueleza habari za sarafu moja ya Ulaya iliyotembea mbali sana, nayo ni reale ya Maria Theresia. Tena twataka kuonyesha jinsi ya kutambua iliyo ya kweli na iliyo ya kughushi. Jambo hili si mchezo wa matajiri tu. Sarafu hizo zingali zapita mikononi mwa watu. Nyingine zimewekwa na wazee sandukuni, nyingine zimegeuzwa mikufu, nyingine zauzwa sokoni au kwa picha katika simu. Na mara nyingi maskini ndiye anayeonewa kwa pande zote mbili. Akinunua, huuziwa bati kwa bei ya fedha. Akiuza, huambiwa kwamba fedha yake ni bati. Asiye na maarifa hana ngao.

I. Mama aliye juu ya sarafu

Maria Theresia alizaliwa Vienna mwaka 1717, akatawala nchi za Austria, Ungaria na Bohemia tangu mwaka 1740 hata alipofariki tarehe 29 Novemba 1780. Alikuwa Mkatolika, tena mama wa watoto 16. Mume wake, Kaisari Fransisko, alikufa mwaka 1765, na tangu siku ile Maria Theresia hakuacha mavazi ya ujane. Jambo hilo laonekana katika sarafu yenyewe: mama mnene, mtu mzima, anatazama upande wa kuume wa mtazamaji, ana taji dogo la lulu, na shela ya mjane yashuka nyuma ya kichwa chake. Begani ana bizimu iliyozungukwa na lulu.

Kumzunguka yameandikwa maneno ya Kilatini yaliyofupishwa: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Maana yake ni kwamba Maria Theresia, kwa neema ya Mungu, ni Kaisari mwanamke wa Warumi, na Malkia wa Ungaria na Bohemia. Upande wa pili yupo tai mwenye vichwa viwili, ndiyo alama ya dola ile, ana ngao kifuani. Maneno yake ni ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR. 1780, kisha msalaba mdogo ulio kama X. Hapo zatajwa enzi zake nyingine, yaani Austria, Burgundia na Tyrol.

Chini ya sanamu ya mama zimeandikwa herufi mbili, S. F. Watu wengi wamezitafutia maana za ajabu, lakini ni majina ya wakuu wawili wa kiwanda cha sarafu cha mji wa Günzburg, Schöbl na Faby. Mji huo leo uko Ujerumani. Siku zile ulikuwa chini ya Austria.

Mwisho, tusisahau ukingo. Ukiishika sarafu hiyo kwa vidole viwili na kuizungusha, utaona maandishi pembeni: IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani Haki na Huruma. Maneno hayo yalikuwa wito wa utawala wake. Lakini yaliwekwa pale kwa kazi nyingine pia. Zamani wezi walikuwa wakizikata sarafu pembeni kidogo kidogo kwa mkasi au tupa, wakikusanya unga wa fedha, kisha wakazilipa sarafu kana kwamba ni nzima. Ukingo ukiwa na maandishi, mwizi hawezi kuukata pasipo kuonekana.

II. Jinsi ilivyofika kwetu

Katika karne ya 18 watu wa Ulaya walipenda sana kahawa, na kahawa nyingi ilitoka Yemen. Waarabu wa huko hawakutaka bidhaa nyingi za Ulaya, walitaka fedha. Wafanya biashara wakawapelekea reale za Austria, maana zilikuwa nzuri, uzito wake haukubadilika, na sanamu yake ilikuwa rahisi kutambulika. Kutoka bahari ya Shamu zikaenea Uhabeshi, Sudani, Arabuni, Omani, hata pwani ya Afrika ya Mashariki.

Huko Unguja zilipata jina la reale ya Shamu. Nazo zilikutana na sarafu nyingine za kigeni. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili iliitwa reale ya mzinga, kwa maana machoni pa watu nguzo zile zilifanana na mizinga ya vita. Mahesabu ya matajiri wa Unguja yaliandikwa kwa reale: pembe za ndovu, karafuu, nguo, mikopo ya misafara. Misafara hiyo ndiyo iliyopita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe katika nchi yetu. Lakini huku bara reale zenyewe zilikuwa chache. Mali iliyopita sokoni ilikuwa nguo, ushanga, na misalaba ya shaba ya Katanga. Reale ilibaki pwani, katika daftari la mwenye kukopesha. Hata hivyo, ndiyo iliyoongoza yote.

Hatuna budi kusema ukweli wote. Sarafu hii yenye neno Haki ukingoni ilihesabiwa pia katika soko la watumwa la Unguja. Watoto wa Maniema na wa kando ya Tanganyika waliuzwa kwa reale, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano ya mwaka 1873 na soko lile likafungwa. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri juu ya uovu huo, maana biashara ya watu ilikuwa haijakoma barani. Fedha ilikuwa safi. Waliochafuka ni watu walioipokea kwa bei ya ndugu yao.

III. Mwaka usiobadilika

Sasa twafika kwenye jambo linalowachanganya wengi. Maria Theresia alipokufa, wafanya biashara wa Arabuni na Uhabeshi walikuwa wameizoea sura yake. Hawakutaka sura nyingine. Basi viwanda vya Austria viliendelea kupiga reale ileile, sura ileile, na mwaka uleule 1780. Mwaka wa 1780 ukaacha kuwa tarehe, ukawa alama tu.

Katika Austria yenyewe ilikoma kuwa pesa halali mwaka 1858, lakini kwa biashara ya ng'ambo haikukoma. Waingereza walipokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi mwaka 1867 na 1868, iliwapasa kuagiza reale nyingi mno kutoka Vienna, kwa maana njiani hakuna mtu aliyekubali pesa nyingine kwa ng'ombe wake au kwa shayiri yake.

Mwaka 1935 serikali ya Italia, ikijitayarisha kuingia Uhabeshi kwa vita, ilipata kutoka Austria haki ya kupiga reale hizo, pamoja na mihuri ya chuma ya kuzipigia. Nchi nyingine zilizofanya biashara katika bahari ya Shamu zikaona zitakosa sarafu, nazo zikaanza kuzipiga zenyewe: London mwaka 1936, Paris na Bruxelles mwaka 1937, Bombay wakati wa vita vikuu vya pili, kisha Birmingham. Ndiyo kusema kwamba reale nyingi zinazodai 1780 zilipigwa katika karne ya 20, na nyingine katika Ubelgiji. Tangu miaka ya 1960 kazi hiyo imerudi Vienna peke yake, na mpaka leo kiwanda cha Austria kingali chazipiga. Hesabu ya zote imezidi milioni 300.

Je, reale iliyopigwa Bruxelles mwaka 1937 ikisema 1780 ni ya uongo? Swali hili latutaka tutenganishe mambo matatu.

Kwanza, kuna sarafu ya kale kweli, iliyopigwa siku za Maria Theresia au karibu nazo. Ni adimu kuliko nyingine, na wenye kukusanya sarafu huilipia zaidi.

Pili, kuna sarafu iliyopigwa tena na kiwanda cha serikali kwa uzito uleule na fedha ileile. Hiyo haimwibii mtu. Aliyeipokea Harar au Sana alipata fedha kamili, wala hakuna aliyemwambia kwamba ilipigwa mikononi mwa malkia.

Tatu, kuna sarafu ya kughushi, yenye sura ya fedha na moyo wa risasi, bati, shaba au chuma. Hiyo ni wizi.

Lakini ya pili yaweza kugeuzwa kuwa uongo kwa mdomo wa mwuzaji. Akisema, «Hii ina miaka zaidi ya 200, lipa mara kumi,» naye ajua ni ya juzi, fedha haikusema uongo. Yeye ndiye aliyesema. Kwa hiyo mwenye kununua asikubali kamwe mwaka 1780 uwe ushahidi wa uzee. Tofauti za reale za kale na za baadaye ni ndogo sana: umbo la bizimu, manyoya ya mkia wa tai, unene wa herufi. Hukumu hiyo tuwaachie wataalamu wenye vitabu na sarafu nyingi za kulinganisha. Sisi tujifunze lile tunaloliweza, yaani kutenga fedha na kisicho fedha.

IV. Kutazama kwa macho

Sarafu ya kweli hupigwa. Kipande cha fedha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kubanwa kwa nguvu nyingi, hata metali yajaza kila mstari wa sanamu. Sarafu nyingi za kughushi hazipigwi, bali humiminwa. Mwongo huchukua sarafu ya kweli, huigandamiza katika udongo laini au plasta, akapata kalibu, kisha humimina metali iliyoyeyuka. Kazi hiyo huacha alama zake.

Ya kwanza ni vishimo vidogo kama vya ngozi ya chungwa, hasa shavuni pa mama na penye nafasi tupu. Hewa iliyonaswa katika kalibu ndiyo iliyovitoboa. Ya pili ni herufi zisizo na makali, kana kwamba zimelambwa na maji. Sarafu iliyochakaa kwa kutumika huchakaa kwanza palipoinuka: nywele, bega, kifua cha tai, chini yake mistari hubaki wazi. Ile ya kumiminwa hufifia kote sawasawa, juu na chini. Ya tatu ni ukingo. Kalibu ina nusu mbili, na mahali zinapokutana hubaki mstari kama mshono, au alama za tupa mahali mwongo alipojaribu kuufuta. Maandishi IUSTITIA ET CLEMENTIA ndiyo yanayomshinda zaidi. Mara hayapo, mara yamevunjika. Ya nne ni ukubwa. Metali ikipoa husinyaa. Kwa hiyo mtoto wa kalibu huwa mdogo kidogo kuliko mama yake. Reale ya kweli ina upana wa karibu milimita 40.

Tena soma herufi moja moja. Mwongo asiyejua Kilatini hukosea: huacha nukta, hugeuza herufi, huandika neno lisilo neno. Watu wa Uhabeshi na Arabuni hawakujua Kilatini, lakini waliangalia kwa uangalifu mkubwa. Walihesabu lulu za taji na za bizimu, wakatafuta herufi S. F., nao wakakataa sarafu yoyote iliyopungukiwa, hata kama ilikuwa fedha safi.

Rangi nayo husema. Fedha ikikaa siku nyingi huwa nyeusi au kijivu kama moshi. Hilo si kosa. Bali ukiona wekundu au umanjano shavuni pa mama, ambapo vidole husugua zaidi, jua kwamba imepakwa fedha juu tu, na ndani ni shaba.

V. Mashahidi wawili au watatu

Sheria ya Musa ilikataza kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Kanuni hiyo yafaa hapa pia. Kila jaribio laweza kudanganywa. Lakini majaribio matatu pamoja ni vigumu kuyadanganya.

Shahidi wa kwanza ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikiruka na kunata, kesi imekwisha: ndani mna chuma. Lakini isipovutwa, usishangilie, maana shaba, bati na risasi nazo hazivutwi. Sumaku yaweza kuhukumu, haiwezi kumwachilia mtu huru.

Shahidi wa pili ni mlio. Weka sarafu juu ya ncha ya kidole na uigonge polepole kwa sarafu nyingine. Fedha hulia kama kengele ndogo, na sauti yake hudumu. Risasi husema «tap» na kunyamaza. Angalia lakini: sarafu iliyopasuka, au iliyounganishwa na kikuku cha mkufu, hailii vizuri ingawa ni ya kweli. Wala usiidondoshe sakafuni, ukingo utaumia.

Shahidi wa tatu ni mizani. Reale kamili ina uzito wa gramu 28,07. Katika sehemu 1.000, sehemu 833 ni fedha safi na zilizobaki ni shaba, ambayo huipa ugumu. Reale iliyochakaa sana yaweza kupungua kidogo. Lakini sarafu inayoonekana mpya na kuonyesha gramu 24 haina udhuru. Vilevile iliyotobolewa kwa mkufu imepoteza fedha ya tundu lake.

Shahidi wa nne ni maji, naye ni mwenye akili kuliko wote. Wazee husimulia kwamba Arkimede wa Sirakusa aliulizwa na mfalme Hiero kama taji lake ni dhahabu tupu, naye akapata jibu kwa kutumia maji. Sisi twaweza kufanya hivi. Chukua mizani ndogo inayoonyesha sehemu za gramu, kama zile za wanunuzi wa dhahabu. Weka juu yake kikombe cha maji, kisha uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe majini mpaka izame yote, bila kugusa chini wala kando. Shika uzi kwa mkono, soma namba. Namba hiyo ni ukubwa wa sarafu, yaani nafasi iliyoichukua katika maji.

Reale ya kweli yenye gramu 28,07 itaonyesha karibu 2,75. Gawanya 28,07 kwa 2,75, utapata 10,2. Hiyo ndiyo namba ya fedha ya Maria Theresia. Sarafu ya shaba ya manjano yenye uzito uleule itaonyesha karibu 3,3. Ya bati tupu karibu 3,8. Ya risasi tupu karibu 2,5. Mwongo aweza kuongeza unene ili apate uzito, lakini hapo ukubwa utamshtaki.

Mjanja kabisa atachanganya risasi na bati kwa kipimo fulani, nayo yaweza kufikia namba ileile ya 10,2. Hapo maji yatadanganyika. Lakini mchanganyiko huo ni laini na hauna sauti, mlio utamfichua. Hii ndiyo sababu tumesema mashahidi wawili au watatu.

Mambo mawili tuyakataze. Usitie tindikali juu ya sarafu, wala usiruhusu mnunuzi aikwaruze kwa tupa «kuona ndani». Na usiisugue kwa mchanga, majivu au dawa ya meno ili ing'ae. Weusi wa uzee ni kama mvi za mzee. Mwenye kukusanya sarafu huupenda, na iliyosuguliwa hushuka bei.

VI. Ndugu zake, faranga tano

Si reale tu zilizo katika masanduku. Zipo pia faranga tano za fedha za Ufaransa na za Ubelgiji, tena zile za Dola Huru la Kongo zenye sura ya Leopold II na maneno TRAVAIL ET PROGRES, yaani Kazi na Maendeleo. Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi zilifanya umoja wa sarafu mwaka 1865, zikapatana kwamba faranga tano iwe na gramu 25, sehemu 900 za fedha katika 1.000, na upana wa milimita 37. Ya Dola Huru la Kongo ilifuata kipimo hicho. Katika maji zitaonyesha karibu 2,4.

Kwa sarafu hizo kuna njia nyingine nyepesi: linganisha sura na mwaka. Leopold I wa Ubelgiji alikufa Desemba 1865. Sarafu yenye sura yake na mwaka 1870 imejihukumu yenyewe. Napoleon III alikuwa Kaisari wa Wafaransa tangu 1852 hata 1870. Dola Huru la Kongo lilidumu tangu 1885 hata 1908, na fedha zake zilianza kutolewa mwaka 1887. Mwongo hujifunza kuyeyusha metali, lakini mara nyingi hajifunzi historia. Tena faranga tano ya Ufaransa ya miaka ile ina maandishi yaliyoinuka ukingoni, DIEU PROTEGE LA FRANCE, yaani Mungu ailinde Ufaransa. Ukiukuta ukingo mtupu, uliza maswali.

VII. Haki kwa pande zote

Baada ya maarifa ya mikono, tuseme neno la dhamiri.

Mwenye reale ya kweli ajue anachoshika. Katika gramu 28,07 mna gramu 23,39 za fedha safi, yaani robo tatu ya wakia inayotumiwa ulimwenguni kupima fedha. Bei ya wakia hubadilika kila siku, lakini yaweza kuulizwa kwa simu ndani ya dakika moja. Chukua robo tatu yake: hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Mnunuzi anastahili faida ya kazi yake. Lakini akimwambia mjane, «Mama, hii ni bati, nitakupa ya chumvi tu,» naye moyoni ajua ni fedha, amevunja amri ya saba kama yule anayemimina risasi katika kalibu. Tumezoea kumlaumu mwenye kughushi. Tumsahau basi huyu mwingine? Wote wawili wanauza uongo. Mmoja huita risasi fedha, mwingine huita fedha risasi.

Kuna na swali gumu zaidi, ambalo Wakristu hutuuliza mara kwa mara. Mtu amenunua sarafu kwa nia njema, akalipa akiba yake, baadaye akagundua kwamba ni ya kughushi. Aliyemwuzia haonekani tena. Je, aweza kumwuzia mwingine ili arudishe mali yake? Yeye hakuanzisha uongo. Yeye mwenyewe ameibiwa.

Jibu ni hapana, na twajua kwamba ni chungu. Alipokuwa hajui, alikuwa ameonewa tu. Tangu saa aliyojua, akiitoa kama fedha ya kweli, yeye ndiye mwizi wa yule anayefuata. Hasara haifutiki kwa kuhamishwa. Inabadilisha nyumba tu, na kwa kawaida huishia kwa aliye mnyonge kuliko wote, asiye na mizani wala mtu wa kumwuliza. Uongo wa sarafu hufa mahali ambapo mtu mmoja akubali kuubeba. Aweza kumtafuta mwuzaji na kumdai. Aweza kumshtaki mbele ya wakubwa. Aweza hata kuiuza waziwazi kama shaba au bati, kwa bei ya shaba au bati. Asimpe jirani yake mzigo aliopewa yeye gizani. Na aliyekwisha kumdanganya mwenzake, asitosheke na kuungama, arudishe. Zakayo hakuishia kumkaribisha Bwana nyumbani. Aliahidi kurudisha mara nne.

Wakristu wenzake nao wasimwache. Ikiwa mtu amepoteza akiba yake kwa kukataa kudanganya, yafaa jumuiya imsaidie kwa mbegu, kwa karo ya mtoto, au kwa kazi ya siku mbili shambani mwake. Maana ni rahisi kusifu uaminifu wa mtu ambaye sisi hatukumlipia chochote.

Bwana wetu alipojaribiwa juu ya kodi, aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza ni sura ya nani. Sarafu ile ilikuwa ya fedha, nayo ilikuwa na sura ya Kaisari. Walimu wa Kanisa tangu zamani wamefundisha kutokana na habari hiyo kwamba mtu naye ana sura, si ya Kaisari, bali ya Mungu aliyemwumba. Basi tunapochukua mizani na kikombe cha maji ili tujue kama reale ni ya kweli, tukumbuke kwamba aliye mbele yetu, mwuzaji au mnunuzi, naye anabeba sura, tena yenye thamani kubwa kuliko gramu zote za fedha.

Maria Theresia aliweka maneno mawili ukingoni mwa sarafu yake, na mtu hawezi kulitunza moja na kulifuta jingine. Haki yatutaka tupime sawasawa, tuseme bei ya kweli, na tuikatae sarafu ya uongo hata ikitoka mkononi mwa rafiki. Huruma yatutaka tusimwache peke yake yule aliyeipokea bila kujua. Mwenye reale nyumbani aizungushe leo kwa vidole vyake ayasome maneno hayo. Na asiye nayo ayashike tu, hayahitaji fedha.